Nyumba Aliyoiruka Chepngeno

Chepngeno, mama wa Kipruto, alikuwa mhudumu katika zahanati ndogo karibu na Merigi. Jirani yake, Gathoni, alikuwa fundi wa nguo, mjane aliyehamia huko na marehemu mumewe kutoka Murang'a. Kwa miaka tisa wanawake hao waliombana chumvi na moto.

Mwaka wa 1992, fujo za kikabila zilipofika na wahamiaji wakaanza kuchomewa nyumba, Gathoni alikuja mbio mchana hadi dirishani kwa Chepngeno, amemshika mkono bintiye Jecinta, mtoto wa miaka sita. Nyumba yao ilikuwa inaungua.

"Mama Kipruto, tufiche."

"Endeni kanisani," Chepngeno alijibu. "Hapa mtaniletea shida." Akafunga dirisha.

Walifika kanisani salama, wakachukuliwa na lori hadi kambini. Waliporudi na kujenga upya baada ya miaka mitatu, Gathoni alikuwa hapati usingizi, na Jecinta haongei na yeyote ila mamake. Akisikia firimbi, kama zile za wavamizi, aliingia chini ya meza ya cherehani.

Sista Rebeccah, muuguzi wa zahanati, aliwatuma wahudumu wazitembelee familia zilizorudi, wakae nazo na kuzisikiliza. Chepngeno alizunguka zote, akairuka ya Gathoni. Kila Alhamisi aliandika kitabuni: "Hawakuwepo."

"Fundi ambaye hayuko kwake kila Alhamisi?" Rebeccah aliuliza mwishowe.

Chepngeno akamweleza yote, akilia. Rebeccah hakumbembeleza. "Basi nenda," alisema. "Lakini usiende kutafuta msamaha. Nenda usikilize."

Alimkuta Gathoni akishona sare za shule.

"Nilikufungia dirisha," Chepngeno alisema.

"Najua. Nilikuwa nje yake." Cherehani iliendelea kulia. "Sijakusamehe, Mama Kipruto. Kaa, unisaidie vifungo."

Akakaa. Kila Alhamisi alishona vifungo, Gathoni akisimulia kambi, mvua, ndoto zake. Siku nyingine hakusimulia chochote. Jecinta aliwatazama kutoka chini ya meza.

Katika mwezi wa nne wa ziara hizo, sauti nyembamba ikauliza, "Kwa nini ulitufukuza?"

Sindano ilimchoma Chepngeno kidole. Alitaka kusema wavamizi walimlazimisha.

"Niliogopa," alisema. "Nilijua ni vibaya, nikafanya."

Mtoto alifikiri. "Hata mimi naogopa," akasema.

Januari iliyofuata Jecinta aliingia darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzake wote. Gathoni alianza kulala hadi alfajiri. Chepngeno ndiye aliyebaki akiamka usiku, na hakumweleza mtu ni kwa nini.