Benchi la Mwisho, Jumamosi za Majilio

Kuna Jumamosi moja ya Majilio ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na nitakusimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitegemee ile sauti ya upole ya wazee wakishakunywa chai.

Kwanza usicheke ninapokuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha tatu juzi tu, na wewe uko darasa la saba. Lakini katekista amesema mkubwa wa kikundi cha vijana ndiye mzee wa watoto wa kipaimara, na mzee huwaandikia wadogo nasaha kabla ya Krismasi. Mzee wenu ni mimi. Kama mlitaka mwenye mvi mngesema mapema.

Unajua sala ya ukimya ilivyo, kwa sababu umeivuruga. Saa kumi na moja jioni katekista anawasha mshumaa wenye utepe wa zambarau, anasema maneno yale yale ya kila mwaka: hakuna wimbo, hakuna rozari ya sauti, hakuna kumwomba Mungu viatu vipya. Kaeni, mumngoje. Halafu nusu saa nzima hakuna kitu. Nikiwa kama wewe niliona ni adhabu. Ng'ambo ya bonde Wasabato wanafunga Sabato yao kwa kwaya ya sauti nne, na sisi tumekaa kama watu waliosahau walichokuja kusema. Rafiki yangu mmoja wa Kisabato aliniuliza kama padre ametukataza kuongea kwa sababu ya dhambi zetu. Nilimwambia ni kwa sababu ya zao.

Hivyo ndivyo nilivyo. Shuleni wananiita Redio. Mwalimu wa zamu alisema mimi ni redio isiyo na kitufe cha kuzima, na nilimshukuru kwa kunitangaza bure.

Sasa sikiliza. Mwaka jana mwezi wa sita, malaria ilipopanda milimani kwetu, dada yangu Kemunto alifariki. Alikuwa na miaka sita. Wengi mlikuja matangani, mkala, mkaimba, na wakubwa wenu wakaongea. Waliongea siku nne. Mmoja alimwambia baba yangu, ambaye sisi tunamwita Tata, kwamba Mungu alihitaji ua katika bustani yake. Mwingine akamwambia asilie, ana wengine. Tata alisikiliza yote akiwa amesimama, na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba amechoka na maneno.

Ni Magokoro, nyanya yangu, mama yake Tata, aliyempata. Majilio yalipokaribia alimwendea shambani kwenye majani chai akamwambia, njoo Jumamosi, hakuna mtu atakayekuambia chochote, hata Mungu. Na Tata akaja. Jumamosi ya kwanza aliingia watu wakiwa wameshainamisha vichwa, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akatoka kabla ya watu kuinuka. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetumwa soko la Keumbu na ndizi. Sikuambiwa lolote. Nani humwambia Redio siri?

Jumamosi ya pili nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya Magokoro, na kulia kwangu watoto wa kipaimara wa mwaka huo wakinitazama kama watu wanaosubiri sinema ianze. Nilianza na mlio wa chura. Ule mnaoupiga nyinyi niliutunga mimi, msijidai. Halafu nikamwinamia Magokoro, nikanong'ona, lakini ule mnong'ono wa kusikika mpaka sakristia: «Mke wangu, unamwomba Mungu bwana mwingine na mimi niko hapa?»

Watoto wakapasuka. Katekista akakohoa. Mabega ya Magokoro yalikauka, hakugeuka.

Umetoka jandoni, kwa hiyo hili unalijua, lakini nitalirudia kwa sababu inaonekana ulifundishwa ukiwa umelala. Kwetu kuna heshima inaitwa chinsoni. Mjukuu anaweza kumwita nyanya yake mke, akamtania atakavyo, naye akamjibu kwa ubaya zaidi. Ni haki yao. Lakini utani huo hausemwi mbele ya baba. Baba akiusikia amevuliwa nguo, kwa sababu huyo unayemwita mke ni mama yake. Hawezi hata kukukemea, maana akikukemea amekubali kwamba amesikia. Hana la kufanya ila kuondoka.

Kicheko kilipokufa nilisikia gambuti, zile buti za mpira za shambani. Gambuti za Tata hazifanani na za mtu yeyote, ya kushoto ina kiraka cha mpira wa tairi na huburuta. Moja inakanyaga, ya pili inaburuta. Niligeuka nikamwona mgongo, kofia mkononi, na kiganja kikifuta uso. Kisha mlango.

Nje Magokoro alinishika sikio kama mtoto wa chekechea, mbele ya wasichana.

«Mimi nitanie mpaka nife, na jeneza langu ulitanie,» alisema. «Lakini mwanangu alikuwa ameanza kulia. Miezi sita hajalia. Leo ameanza, na wewe ukampa kicheko.»

Nilijitetea. Nilimwambia sikujua yuko ndani, mngeniambia.

«Ungenyamaza ungemsikia akiingia,» alisema. «Sisi wote tulimsikia.»

Nilimkasirikia, nikalikasirikia kanisa zima, nikamkasirikia hata Tata kwa kuingia kama mwizi. Ilichukua muda kabla hasira hiyo haijanifikia mimi mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna ukimya wa aina nyingine, nao si sala. Tata akitaka kitu kwangu anamwambia Mama, «Muulize mwanao kama ng'ombe amekunywa maji,» na mimi nimesimama hapo hapo na ndoo. Siwezi kumwomba msamaha. Nitasema nini? Kwamba namwomba radhi kwa maneno ambayo kwa heshima hakuyasikia? Mwaka mzima, mwanangu. Jaribu kula ugali mwaka mzima na mtu ambaye huwezi kumwambia pole.

Katekista, ambaye ana akili mbaya kuliko anavyoonekana, mwaka huu amenipa kazi ya kusimamia ukimya wenu. Mlicheka aliposema. Hata mimi nilicheka. Jumamosi ya kwanza nilikaa mbele yenu na mdomo umefungwa, na nitakuambia kilichotokea ingawa unaweza kwenda kunitangaza. Dakika tano za mwanzo nilitunga vichekesho vitatu, kimoja kizuri sana. Vikaisha. Mvua ikawa inagonga mabati, Magokoro akawa anavuta punje za rozari yake moja moja, halafu nikamsikia Kemunto akiomba maji. Alikuwa akiyaomba usiku ule wa mwisho, na mimi nilikuwa namchekesha badala ya kumletea, nikidhani akicheka atapona. Kumbe ndiyo maana redio haikuwa ikizimwa. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika katika karatasi ya kanisa. Nilimwambia kimoyomoyo, nikiwa nimeuma meno, na nikamaliza yote niliyokuwa nayo. Hakunijibu. Lakini hakuondoka pia, wala hakunitajia ua wala bustani. Tulikaa tu. Mshumaa ulipozimwa nilikuwa bado na hasira, ila haikuwa yangu peke yangu.

Hiyo ndiyo sala, kama ulikuwa unajiuliza. Sijui zaidi ya hapo.

Basi Jumamosi iliyopita, ya pili, nilikuwa nimekaa hivyo hivyo. Na nikasikia nje, kwenye tope, moja inakanyaga, ya pili inaburuta. Zikaja mpaka kwenye ngazi. Zikasimama. Mwanangu, sikupumua. Mwaka mzima nilikuwa nangoja hizo gambuti bila kujua kwamba nazingoja. Zilipanda ngazi moja.

Na wewe ukapiga mlio wa chura.

Najua ni wewe. Najua pia aliyecheka kwanza na aliyepiga benchi teke. Gambuti zikateremka ile ngazi moja, zikaenda. Nilipotoka nilikuta alama kwenye tope, ya kushoto ina mstari wa kiraka, imefika mpaka mlangoni na kugeuka. Nilitaka kurudi ndani niwapige nyote, na nisingemwonea mtu. Kilichonizuia ni kwamba mlio ulikuwa wangu.

Kwa hiyo nasaha ni hizi, na nitazisema kama kwa mtu mgumu wa kuelewa, kwa sababu mimi nilikuwa hivyo. Jumamosi ijayo usikae benchi la mwisho. Liache tupu. Funga mdomo kabla mshumaa haujawashwa, si baada. Kama una kichekesho, kimeze, nitakisikiliza Jumapili na nitakuambia kama kinafaa. Ukisikia gambuti moja inakanyaga na nyingine inaburuta, usigeuke, usimpishe, usimpe pole, usimweleze mipango ya Mungu. Akilia, mwache alie. Ukisikia na mimi nalia, hukusikia; chinsoni ni chinsoni. Na ukiona nusu saa ni ndefu, jua kwamba kuna mtu ameitembea kwa mwaka mmoja na nusu na bado yuko kwenye ngazi.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa maneno. Akuzime unapostahili kuzimwa, akuwashe kwa wakati wake. Na mtu wa kwenu akija amechelewa, kwa miguu yake mwenyewe, akukute umenyamaza.