Mchezo Wenye Watu

Mlipuko wa volkano wa 2021 ulipofukia nyumba yao kule Buhene, pembeni mwa Goma, Paul, mume wa Sidonie, alikwenda Butembo kutafuta maisha, akanyamaza huko huko. Sidonie akapanga chumba mtaa wa Majengo, akafungua meza ya kuweka nyimbo na michezo kwenye simu za wateja. Asiyejua achague nini alimuuliza yeye. Aliipendekeza zaidi michezo ambayo mtu anajichagulia mhusika, anampa jina, anamtembeza katika nchi ya kubuni, tena bila kula mega za intaneti. Mwenyewe aliicheza kila jioni, maana hakuwa na wa kuongea naye.

Mwishoni mwa 2024 akaja mzee Twagirayezu, aliyekimbia vita Rutshuru na kuishi peke yake kambini.

“Mama, niko natafuta mchezo yenye iko na watu.”

“Watu wa kupigana, muzee?”

“Hapana. Vita nimeshaiona. Watu wa kusalimiana tu.”

Sidonie akamwekea mchezo wa mganga wa mitishamba anayepita kijiji hadi kijiji. Lakini wanakijiji walizungumza kwa maandishi ya Kifaransa, na mzee hakukijua. Ikabidi aje kila asubuhi, anyooshe simu, asomewe.

“Huyu mama anauliza umelala namna gani.”

“Mwambie baridi ilinisumbua, lakini nimeamka.”

“Jibu hiyo haiko, muzee. Iko ‘ndiyo’ na ‘naenda’.”

“Basi ndiyo.”

Wakacheka. Sidonie akaanza kuwahi mezani kabla hata majirani hawajafungua.

Januari 2025 waasi wakaingia Goma. Sidonie alijifungia siku tano, risasi zikipita juu ya mabati. Alipofungua tena meza, mzee hakutokea. Alingoja wiki mbili, kisha akaenda kambini, akakuta mahema yamebomolewa na watu wameambiwa warudi makwao. Namba ya mzee haikupatikana.

Mwezi wa nne, Charline, muuza maharage aliyetoka Rutshuru, akasimama mezani.

“Muzee Twagirayezu anakusalimia. Alisharudi kwake, analima.”

“Na ule mchezo, anasomewa na nani?”

“Mchezo gani? Simu alishaiuzisha, akanunua mbegu.”

Sidonie akasema ni vizuri, na kweli aliona ni vizuri. Ila siku ile alifunga mapema, na kwa majuma kadhaa mteja akimuuliza mchezo upi unafaa, alimsogezea orodha achague mwenyewe.