Unga Mweupe Kwenye Kabichi

Mume wangu aliliua shamba langu akidhani ananisaidia. Mpaka leo nashindwa hata kumchukia vizuri.

Tulikuwa tukiishi kwenye laini za wafanyakazi, katika shamba la mzungu huko juu Molo, miaka ile ya hali ya hatari. Nyuma ya nyumba nilipewa kipande cha kulima mboga, na sharti lilikuwa wazi: kikionekana kimelala, nyapara anampa mtu mwingine. Kwenda sokoni bila kibali haikuwezekana. Kabichi na sukuma zile ndizo zilizowalisha wanangu.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, walikuwapo, wamejibandika chini ya majani kama majivu yaliyolowa. Sikuhangaika nao. Kulikuwa na vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vilivyowala kutwa, na watoto wa vidudu hivyo walikula zaidi. Watoto hao walikuwa na sura mbaya, jamani! Weusi, warefu, wenye miba mgongoni, hawafanani na wazazi wao hata kidogo. Mimi niliwajua kwa sababu niliinama pale kila asubuhi. Mume wangu aliinama kwenye pareto ya mzungu.

Jumapili moja alikuja kutembea kwenye mboga zangu, akawaona watoto hao.

"Mama watoto, wadudu wabaya hivi umewaacha wakumalizie kabichi?"

"Hao ni wetu, baba. Waache tu."

Alicheka. Kesho yake alipotoka kazini, mimi nikiwa mtoni, alikuja na mkebe wa dawa ya unga kutoka stoo akanyunyiza jani kwa jani. Nilimkuta amesimama katikati ya mboga, mweupe hadi kope, anatabasamu. Nilitua debe la maji nikalia mbele yake, naye hakuelewa.

Wale wekundu walikufa wote, na watoto wao. Vidukari walipungua kidogo, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo, maana hapakuwa na wa kuwala. Nilikwenda kwenye vichaka kando ya reli, nikaokota vidudu vyekundu nikavibeba kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikavipandisha kwenye kabichi. Unga ulikuwa bado umeshika majani. Viligeuka chali, vikatetemeka miguu, vikatulia. Nikaenda kuokota vingine. Navyo vikafa. Hapo nilikata tamaa kabisa, na sitalipamba neno hilo.

Kabichi zilijikunja, zikawa manjano, zikanata mikononi. Nyapara alipita, akatazama. Kipande akapewa mke wa dereva wa trekta.

Siku mama huyo alipokuja na jembe lake, tulisimama mlangoni tukimtazama aking'oa mashina. Mume wangu alikuwa na machozi. Akanishika bega.

"Mama watoto, kosa ni langu," alisema. "Niliweka dawa kidogo mno."

Nikaingia ndani kuwasongea watoto ugali wa kula na chumvi.