Bega la Kushoto la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa vioo. Miaka thelathini watu wamemlipa asivunje kitu, kwa hiyo aliposema anataka kujiunga na klabu ya kulenga visahani, sisi nyumbani tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Yeye hakucheka. Alikuwa na miaka hamsini na saba na hakuwa amekuja kuomba ruhusa.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mtambo uliofichwa shimoni hurusha kisahani cha udongo. Unasimama na bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo zinazotawanyika, begani, unaita "Vuta!", nacho kinachomoka. Hukilengi pale kilipo. Unalenga mbele yake kidogo, na mtutu hausimami hata baada ya kufyatua. Asiye na zamu huacha bunduki yake wazi, tupu. Ukivunja kumi na tano kati ya ishirini na tano, mkufunzi anakutilia saini, umekuwa mwanachama. Majaribio ni matatu, basi.

Mkufunzi tulimbandika jina la Bwana Sheria. Alimwekea Shangazi bunduki bega la kulia, maana anaandikia mkono wa kulia. Risasi zikawa zinapita kushoto, zote. Akamwamuru afumbe jicho la kushoto. Ikawa kisahani hakioni mpaka kimeshakwenda zake. Jaribio la kwanza alivunja sita, la pili saba. Bwana Sheria akawaambia wenzake, Shangazi akisikia, kwamba mikono mingine ni ya jikoni tu. Mimi niliyekuwa nikimsindikiza nilitamani nimzabe kofi.

Jumatatu, karakanani, Shangazi alikuwa akikagua ukingo wa kioo alipojishtukia: kila mara alikuwa akiuleta upande wa kushoto wa uso wake. Akanyoosha kidole gumba, akakilinganisha na msumari wa ukutani, macho yote wazi. Akafumba jicho la kulia, kidole kikatulia. Akafumba la kushoto, kikaruka pembeni. Miaka yote hiyo jicho la kushoto ndilo lililokuwa likimfanyia kazi.

Siku ya jaribio la mwisho akahamishia bunduki bega la kushoto. Bwana Sheria akasema akibadili bega, yeye hasaini chochote.

"Bega ni langu, mwalimu," Shangazi akamjibu, kisha akageukia uwanja. "Vuta!"

Alivunja kumi na saba. Nilipiga vigelegele peke yangu, bila haya.

Bwana Sheria akafunika kalamu yake. Shangazi aombe radhi kwanza kwa kumkaidi, alisema. Shangazi akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango wa ofisi na fomu mapajani. Alimweleza kwa upole kabisa kwamba haombi radhi kwa jicho alilozaliwa nalo, na kwamba chakula cha mchana amekuja nacho. Akafungua kopo lake, akala taratibu. Yule bwana alizunguka ofisini, akapanga makaratasi yaliyokwisha kupangwa, akatazama mlango. Saa nzima ikapita hivyo. Mwishowe akainyakua ile fomu, akasaini.

Shangazi akaisoma kuanzia juu hadi chini, akamrudishia.

"Hujaweka tarehe."