Jina la Baba Mkwe

Bochaberi aliolewa katika boma moja lililo juu ya soko la Magwagwa, boma la watu wenye akili nyingi. Hilo walilisema wenyewe, na kwa kuwa walilisema kila mara, majirani walichoka kubisha. Walikuwa na majani chai, migomba, ng'ombe wawili wa maziwa, na jibu la kila swali ambalo hawakuulizwa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Zablon Nyangau, baba ya mume wake, shemasi wa kanisa la Sabato, mtu ambaye hakuwahi kukosea tangu azaliwe na aliyekuwa tayari kukuletea mashahidi.

Kuhusu mzee huyo Bochaberi alikuwa na sheria za kushika. Wagusii wanaziita chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu baina ya mtu na wakwe zake. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Haingii anapolala. Hamkodolei macho. Na jina lake halitamki, hata likiwa limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Miaka yote ya ndoa yake Bochaberi alimwita tatabiara, yaani baba mkwe, tena kwa mbali, macho yakiwa chini. Angeombwa aeleze sura ya mzee angeshindwa, lakini gambuti zake angezieleza vizuri.

Aliposema anataka kusomea unesi, watu wenye akili walikaa kikao. Walikubali, si kwa kuwa walipenda mke wao asome, bali kwa kuwa nesi nyumbani ni kama kuwa na mtu wenu ndani ya polisi. Kuna siku utamhitaji. Basi akaenda chuo, akiwa mkubwa kuliko wenzake karibu wote, mwenye watoto wawili na mikono iliyokomazwa na kuchuma chai.

Mwalimu wake wa vitendo alikuwa Madam Apiyo, mzaliwa wa upande wa ziwa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na ulimi usiohitaji kunolewa.

"Mgonjwa si kitanda," aliwaambia siku ya kwanza. "Ukiniambia umempa dawa kitanda cha dirishani, nitakuuliza kama hicho kitanda kimepata nafuu."

Aliwafundisha mambo ambayo kila hospitali imeyabandika ukutani ili yasifuatwe. Uwe na mgonjwa mwenyewe, dawa yenyewe, kwa kipimo chake, kwa njia yake, kwa saa yake, kisha uandike ulichofanya baada ya kukifanya, si kabla, eti kwa sababu unakimbilia chai. Na kabla hujamgusa mtu, umuulize ni dawa gani inayomkataa. Lakini alilolikazia hata wakaliota ni jina. Usimuulize mgonjwa kama yeye ni fulani. Watu wa huku, alisema, wana adabu mno. Mzee akiulizwa na msichana aliyevaa sare nyeupe kama yeye ni Ochanda, atajibu ee, asije akamwaibisha mtoto wa watu. Akiulizwa tena kama yeye ni Petero, atajibu ee pia.

"Watazikwa na hizo adabu zao," alisema Madam Apiyo. "Mwache ataje jina lake kwa mdomo wake. Halafu wewe ulinganishe na utepe wa mkononi na karatasi ya dawa."

Siku waliyofundishwa penisilini, Bochaberi aliacha kuandika. Alikumbuka mwaka alioolewa, mzee alipodungwa sindano kwenye duka la dawa pale sokoni kwa sababu ya kifua. Alirudi nyumbani midomo imevimba, anavuta pumzi kwa taabu, na ilibidi abebwe kwa pikipiki hadi zahanati. Bochaberi ndiye aliyetumwa dukani kuchukua kofia yake iliyosahaulika. Kichupa kilikuwa bado mezani, akasoma jina la dawa bila kujua maana. Nyumbani watu wenye akili walikuwa wamekwisha kupata jibu, kwamba ni jirani aliyemtazama mzee vibaya njiani. Alipomweleza mama mkwe wake, Mong'ina, yale aliyofundishwa darasani, mama alicheka hadi akashika mbavu.

"Kumbe siku hizi dawa ndiyo inaroga watu," alisema, na hapo ushauri wa kitaalamu wa Bochaberi ukafikia kikomo.

Basi ikafika asubuhi ya mtihani wa vitendo, katika hospitali moja ya Nyamira ambako Bochaberi alikuwa amepangwa kufanya mazoezi. Kazi ilikuwa moja tu, kumpa mgonjwa mmoja dawa yake huku Madam Apiyo akiwa nyuma yake na kalamu. Mgonjwa aliyepewa aliitwa Nehemiah Ongeri, mguu umeoza kidogo baada ya kujikata na jembe. Daktari alikuwa ameandika penisilini ya kupitia kwenye mshipa, ya kwanza ianze asubuhi hiyo. Bochaberi alilijua jina hilo. Nehemiah ni ndugu mdogo wa baba mkwe wake. Alisikitika kidogo, akasukuma toroli, akafika kitandani na kukuta aliyelala pale ni Mzee Zablon Nyangau.

Kando yake alikaa Mong'ina akimimina uji kwenye kikombe. Alimtupia Bochaberi jicho moja refu, na Bochaberi akaelewa kila kitu bila kuelezwa, kwa sababu aliwajua watu hao na akili zao. Mzee alikuwa ameacha kulipia bima yake zamani, kwa hoja kwamba yeye haugui. Nehemiah analipa. Mashine ya alama za vidole pale mapokezi imeharibika, na karani hana haja ya kutazama picha ya mtu anayelia na mguu. Kwa hiyo mzee aliingia hospitali akiwa Nehemiah, na Nehemiah mwenyewe, kama Bochaberi alivyokuja kujua baadaye, aliamriwa ajifungie nyumbani asije akaonekana sokoni akiwa mzima. Na walipokumbuka kwamba mke wa mwana wao Mogaka yuko hospitali hiyo hiyo, walishukuru Mungu. Huyo hawezi kusema neno, kwa sababu kusema neno ni kutaja jina, na jina hilo ameharamishiwa.

Ulikuwa mpango wa kupendeza. Kasoro yake ilikuwa moja. Nehemiah aliwahi kulazwa hapo mwaka juzi, akadungwa penisilini, akapona. Faili lake lilisema hakuna dawa inayomkataa, na daktari alikuwa amelisoma faili hilo kwa makini yote ambayo walimu wake wangeyatamani. Utepe mkononi ulisema Nehemiah. Karatasi ilisema Nehemiah. Dawa ilikuwa yenyewe, kipimo chake, njia yake, saa yake. Kila kitu kilikuwa sahihi isipokuwa mtu.

"Endelea," alisema Madam Apiyo nyuma yake.

Bochaberi alisogeza toroli karibu. "Taja jina lako kamili," alisema, akiuambia mguu.

"Nehemiah Ongeri," alijibu mzee kwa sauti ya kanisani, macho juu darini. Shemasi alidanganya vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayesoma matangazo ya ibada.

"Kuna dawa yoyote inayokukataa? Sindano iliyowahi kukudhuru?"

"Hakuna."

Kalamu ya Madam Apiyo iliweka alama. Mong'ina aliendelea kumimina uji. Bochaberi alishika bomba la sindano, dawa imeshavutwa, safi kama maji, na aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kuzaa. Angeweza kuliangusha. Aliliwaza hilo. Lakini hospitali ilikuwa na katoni nzima, na mwanafunzi atakayefuata hakuwa na mkwe wodini. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Dawa ingetolewa hiyo hiyo, na yeye angekuwa chooni. Akinyamaza, huenda mzee akafa mbele yake kwa mkono wake au wa mwenzake. Akisema, hana boma la kurudi.

Alilirudisha bomba kwenye sinia.

"Madam, siwezi kumdunga. Huyu si Nehemiah Ongeri."

"Amejitaja mwenyewe."

"Amemtaja ndugu yake." Bochaberi alipiga moyo konde. "Huyu ni Zablon Nyangau. Ni baba ya mume wangu. Penisilini ilitaka kumuua pale Magwagwa, na kichupa nilikiona kwa macho yangu."

Uji ulifurika kikombe ukamwagikia shuka. Mong'ina alijifunika uso kwa leso. Mzee naye alifumba macho, akafa papo hapo, kwa kadiri mtu anavyoweza kufa huku anapumua.

Madam Apiyo hakuuliza swali. Naye ana wakwe, na kwao pia kuna majina ambayo mke hayatii kinywani. Alichukua lile sinia kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda ukamwite daktari," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukuacha ukajisikia vizuri: "Kazi hukuimaliza. Utarudia."

Habari zilifika Tabaka kabla ya chai ya saa nne. Huko ndiko Mogaka, mume wake, alikokuwa akiwauzia wafanyabiashara vinyago vya mawe. Alipiga simu.

"Ati umemtaja baba? Kwa jina lake?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wodi nzima."

Mogaka alikata simu. Hakuuliza kama baba yake yu hai, bila shaka kwa kuwa jambo hilo lingekuja kujulikana lenyewe. Bochaberi alijifungia chooni akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa amewapikia watu hao, amewachumia chai, amewazalia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni kitu gani alichokiona kwenye lile bomba la sindano.

Adhuhuri watu wenye akili walikuwa wamejaa kwenye nyasi za hospitali. Nehemiah naye alitolewa mafichoni, akaja akichechemea kidogo kwa mazoea ya kujifanya mgonjwa. Wa ofisi ya bima walikuwa na maswali yao, na hayo aliachiwa Nehemiah. Kikao kilikuwa na jambo zito zaidi. Walikubaliana kwamba mke wa Mogaka amemvua mzee nguo hadharani. Walibishana kama itatosha kumtakasa kwa mbuzi au ni lazima arudishwe kwao kwanza. Mmoja alisema ni kosa la kusomesha wanawake. Mwingine alisema ni kosa la mashine ya vidole, kwamba ingekuwa inafanya kazi wangejua mapema wasijisumbue. Mguu wa mzee haukutajwa.

Mchana daktari aliandika dawa nyingine, ya jamii tofauti kabisa, kwenye karatasi mpya na kwa jina jipya. Madam Apiyo alimkuta Bochaberi kwenye meza ya dawa.

"Nina wanafunzi wengine," alisema. "Nimtume mmoja? Hakuna atakayekulaumu."

Bochaberi alifikiri. Ilikuwa njia nyepesi, na aliitamani kwa moyo wote.

"Nitampa mimi," alisema.

Mong'ina alikuwa nje kwenye kikao. Mzee alikuwa peke yake, amegeukia ukuta, shuka imebadilishwa. Bochaberi alisimama mahali pale pale, Madam Apiyo nyuma yake na kalamu ile ile.

"Taja jina lako kamili, tatabiara."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna ndizi ili asikie vizuri.

"Unalijua," mzee alisema hatimaye, akiuambia ukuta. "Si umelitangaza."

"Ni lazima uliseme wewe."

Mzee akalisema, Zablon Nyangau, polepole, bila sauti ya kanisani. Bochaberi alilinganisha na utepe, akalinganisha na karatasi.

"Kuna dawa inayokukataa?"

"Ile ya Magwagwa. Nilisikia koo likifungwa sindano ikiwa bado mkononi. Nilijua ni hiyo. Haya ya kutazamwa vibaya njiani ni maneno ya watu."

Bochaberi alisahau mtihani. "Sasa mbona asubuhi ulisema hakuna?"

"Uliniuliza nikiwa Nehemiah," alisema mzee. "Nehemiah hana shida na dawa."

Nyuma yake Bochaberi alisikia Madam Apiyo akikohoa, au kitu kinachofanana na kukohoa. Yeye hakuweza kucheka. Aliushika mkono wa baba mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani, mkono mkavu, mwepesi, akaingiza dawa mpya polepole kama alivyofundishwa. Aliandika alichofanya. Kisha akavuta kiti, kwa sababu kazi haiishii kwenye sindano. Dawa ikiwa ya kwanza, unakaa na mgonjwa, unamwangalia midomo na macho na jinsi anavyopumua. Nje dirishani sauti ya shemeji mmoja ilipanda, akisema mbuzi lazima awe dume.

Alikaa. Macho yake yalikwenda yalikozoea kwenda, chini, kwenye miguu ya kitanda.

Mzee aligeuka kutoka ukutani.

"Nitazame," alisema. "Ukiangalia chini utajuaje kama navimba?"

Bochaberi aliinua macho akamtazama usoni, na akaona kwamba baba mkwe wake alikuwa akiogopa sana.