Niliwazimia Taa Siku ya Sabato

Jamani, nichekeni tu. Nafanya usafi chuo cha dini cha Wayahudi hapa Toronto. Jumamosi nikapita ghorofa ya chini ya ardhi, kusiko na dirisha, nikazima taa kwa swichi ya nje nikidhani hamna mtu. Kuchungulia, wanafunzi wamekaa gizani kimya. Nikajua ni ibada, nikainamisha kichwa.

Daudi, mwanafunzi mgeni aliyetoka ng'ambo wiki hiyo, akasema, "Kaka, humu giza."

"Amina," nikajibu.

Akashusha pumzi. "Leo Sabato. Hatugusi swichi, wala haturuhusiwi kukuomba uwashe. Na nilikuwa namsomea mwalimu kwa mara ya kwanza."

Somo aliloliandaa tangu afike, nimelizima kwa kidole kimoja!

Mwalimu akauliza taratibu, "Nani kazima?"

"Mimi, mwalimu. Nilikuwa nawapunguzia bili ya umeme."