Ulimi wa Kitinda Mimba

Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya mama. Kaka zangu walilijua hilo mapema, wakajiendea zao. Mimi nikabaki na nyumba, ng'ombe wawili na juisi.

Juisi hiyo ni kubwa kuliko mimi kwa umri. Mama alipanda pasheni kando ya chai ya baba, akaanza kuwauzia wanafunzi wa chuo pale Kabianga. Hakupima sukari kwa kikombe. Alipima kwa ulimi wangu. Nikiwa mdogo nilitema juisi mbele ya wateja, nikasema imechacha, na kweli ilikuwa imechacha. Tangu siku hiyo halikuuzwa hata tone kabla sijaonja. Nimekua nikiamka na pasheni mdomoni, nikaichukia hadi harufu yake. Hata harusini, nikipewa glasi, watu huniangalia uso kwanza ndipo wanywe.

Mwaka huu nikapata kazi Londiani, kwenye kitalu cha miche. Niliitaka mno kazi ile, ila nilikosa maneno ya kumwambia mama. Ndipo homa ikanishika, na nilipopona ulimi ulikuwa umekufa. Sukari, limau, chumvi, vyote maji tu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Asubuhi mama akanisukumia glasi kama kawaida.

"Mama, mimi sisikii ladha tena," nikamwambia. "Hii ulimi imekufa kabisa. Tafuta mtu mwingine wa kuonja, mimi niende Londiani. Nimepata kazi huko."

Alichukua ile glasi akaonja mwenyewe, akaongeza sukari kidogo kwenye ndoo, akakoroga, akaonja tena. Kisha akamuuzia mwanafunzi aliyekuwa akingoja mlangoni.

"Mama, juisi ya leo imeweza!" akasema yule mwanafunzi, akaomba aongezewe.

Nilingoja mteja aondoke.

"Kumbe unajua kuonja?"

"Nilikuwa najua hata kabla uzaliwe."

"Sasa hii miaka yote umekuwa ukiniamsha ya nini?"

Alipangusa meza polepole, pale pale palipokuwa pakavu.

"Kwani bila hivyo ungekaa?"

Mlangoni walikuwa wameingia wengine watatu. Nikachukua kisu, nikavuta gunia karibu, nikaanza kupasua pasheni.